Kaskazi, kusi au maleleji: upepo upi wa safari yako?

"Bahari nzuri ni miezi gani?" Kila anayepanga safari ya chombo katika pwani yetu huuliza hivyo, na kila anayejibu hujibu kwa upepo wake. Mvuvi wa ngalawa atakwambia kaskazi. Nahodha anayepeleka mizigo Lamu kutoka Unguja atakwambia kusi, ila si ile ya Julai. Wote wako sawa, maana kila mmoja ana njia yake na chombo chake.

Hapa nazilinganisha nyakati tatu za upepo kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaamua: kaskazi, kusi, na maleleji, ile miezi ya tanga mbili inayoingia kati yao. Eneo lenyewe ni kuanzia Mogadishu hadi Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, pamoja na visiwa vya Lamu, Pemba, Unguja, Mafia na Ngazija ya Komoro. Msimamo wangu nautaja mapema ili usomaji wako uwe wa macho: watu wengi huchagua upepo wa kwendea, kisha wa kurudia wakamwachia Mungu. Mimi huanza na wa kurudia.

Vigezo

Cha kwanza ni mwelekeo na nguvu. Tanga la jahazi, la pembetatu juu ya foromali (mti mrefu unaobeba tanga), huenda vizuri upepo ukiwa nyuma au ubavuni. Kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, linaweza, lakini kwa gharama: kila ukigeuza upande, foromali ndefu lazima ihamishwe kupitia mbele ya mlingoti, na upepo ukiwa mkali manahodha wengi huona heri kuzungusha chombo kwa tezi, yaani nyuma yake, na kupoteza sehemu ya mwendo uliokwisha patikana. Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani upande unakotoka upepo. Hata dau la mwenye nguvu haliendi joshi kwa raha.

Cha pili ni mkondo. Huu ndio husahaulika zaidi, kwa sababu upepo unausikia usoni na mkondo huusikii. Mashua inayokwenda kilomita nane kwa saa dhidi ya mkondo wa kilomita sita haisafiri, inapiga makasia ya adabu.

Cha tatu ni hali ya bahari na mbingu: mawimbi, mvua, na umbali unaoweza kuona. Cha nne ni hatari iliyo ya wakati huo hasa, wala si hatari ya bahari kwa jumla. Mwisho, nani anafaidika.

Chanzo cha pepo hizi ni kimoja. Wakati wa kiangazi cha Asia, bara lile hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi upande wa kusini huvutwa kwenda kujaza nafasi. Hiyo ndiyo kusi. Asia ikipoa, mambo hugeuka: hewa nzito ya baridi huteremka kutoka bara kuja baharini, nayo ndiyo kaskazi. Kwa hiyo pepo hizi zina miezi yake, ingawa hazina tarehe. Kuna mwaka kaskazi huchelewa wiki mbili, na kuna mwaka kusi hugonga mlango Machi haijaisha.

Kaskazi

*Mwelekeo na nguvu.* Huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Pwani ya Somalia huiona kwanza, mnamo Novemba. Mombasa na Unguja huishika vizuri Desemba. Januari na Februari huwa imekaza, na Machi hulegea. Ni upepo wa wastani, mara nyingi kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na una tabia ya siku nzima inayoweza kutabirika. Usiku nchi kavu hupoa, umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukaanza kuvuma kutoka bara kwenda baharini, na alfajiri kaskazi huwa imelala. Kuanzia saa nne au saa tano asubuhi huamka, alasiri hukaza, na jua likitua hupungua tena. Mvuvi hutoka na umande na kurudi na upepo wa alasiri, bila kugombana na upande wowote.

*Mkondo.* Hapa ndipo penye utamu. Kutoka Cabo Delgado kuna mkondo unaopanda kaskazini kufuata pwani ya Tanzania na Kenya mwaka mzima. Kaskazi huurudisha nyuma, ukapungua nguvu, lakini haiugeuzi. Pwani ya Somalia ni tofauti: mkondo wa huko hugeuka kabisa na kuteremka kusini-magharibi wakati wa kaskazi. Mikondo hii miwili hukutana mahali fulani kati ya Malindi na kusini ya Somalia, kisha hupinda pamoja kuelekea mashariki, baharini. Kwa msafiri maana yake ni hii: kutoka Mogadishu au Kismayu kushuka Lamu, upepo na maji vyote vinakusukuma. Ukishapita Malindi kuelekea Mombasa, upepo bado unakusukuma ila maji yanakushika miguu. Na upepo ukipingana na maji, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama wima. Mlango-bahari wa Pemba, kati ya kisiwa hicho na bara, unajulikana kwa bahari ya namna hiyo, hata siku ambayo upepo wenyewe hauonekani wa kutisha.

*Bahari na mbingu.* Joto, mbingu safi, mvua kidogo, maji maangavu. Wapiga mbizi huutaka wakati huu, na wavuvi wa nguru, jodari na sulisuli hutoka nje ya mwamba bila hofu kubwa.

*Hatari.* Vimbunga. Msimu wake katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, yaani kaskazi yote na mkia wake. Karibu na ikweta kimbunga hakipati mzunguko, kwa hiyo Lamu na Mombasa zina kinga ya kimaumbile. Ukishuka kusini kinga hiyo hupungua kila nyuzi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija kikaingia Cabo Delgado. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, mwezi ambao wengi huhesabu kuwa msimu umekwisha. Na anayedhani Unguja haiguswi akumbuke Aprili 1872, kimbunga kilipovunja vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu ya kisiwa.

Ipo hatari ya pili isiyotangazwa redioni: upole wa kaskazi huwafanya watu wapakie kupita kiasi.

*Unamfaa nani.* Anayeshuka kusini: Lamu kwenda Mombasa, Mombasa kwenda Unguja, Unguja kwenda Kilwa. Mwenye chombo kidogo. Anayejifunza tanga, kwa kuwa umande wa alfajiri humpa saa chache za kufanya makosa polepole. Haumfai mwenye mzigo wa kupeleka kaskazini bila mashine.

Kusi

*Mwelekeo na nguvu.* Aprili huingia pamoja na masika, kutoka kusini na kusini-mashariki. Ikivuka ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, ikafika pwani ya Somalia na Arabuni ikiwa upepo wa kusini-magharibi. Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, ndiyo kilele. Kipindi hicho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwa na kazi ya kutoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili, na maneno hayo wavuvi wamekwisha yahifadhi. Kule juu, kaskazini-mashariki ya Somalia, karibu na Ras Hafun na kisiwa cha Socotra, Julai ni dhoruba ya siku kwa siku. Manahodha wa zamani wa Arabuni na Bara Hindi waliacha kabisa kusafiri katikati ya kusi, wakangoja bandarini ipite.

Tofauti na kaskazi, kusi kali hailali usiku. Umande upo lakini unafunikwa. Utaona tu kwamba asubuhi upepo umepungua kidogo na kuegemea upande wa bara.

*Mkondo.* Upepo na maji vinakwenda njia moja, kaskazini. Mkondo wa pwani ya Tanzania na Kenya unaweza kufikia kilomita 7 kwa saa, na ule wa Somalia ni miongoni mwa mikondo yenye kasi kubwa duniani, hufika karibu kilomita 13 kwa saa katika kilele. Jahazi linalopanda kutoka Unguja kwenda Lamu linapewa safari mbili kwa moja. Linaloshuka linaadhibiwa mara mbili: upepo wa omo, yaani wa mbele ya chombo, na maji yanayolirudisha.

*Bahari na mbingu.* Mawimbi ni marefu na mazito, yametoka mbali. Pwani za mashariki ya Unguja, Pemba na Mafia huyapokea moja kwa moja. Upande wa magharibi wa visiwa hustirika. Mahali pa kutia nanga hubadilika kwa msimu: wakati wa kusi tafuta upande wa kaskazini wa kisiwa au rasi, wakati wa kaskazi tafuta wa kusini. Nungwi hupata stara kusi inapovuma, Kizimkazi huionja. Masika yanapochanganyika na kusi changa, Aprili na Mei, mvua hufunga macho hata mwamba ulio karibu usiuone. Julai mvua imepungua, hewa ni ya baridi, maji yamechafuka.

*Hatari.* Ukiniuliza moja tu, nitataja milango ya miamba wakati maji yanakupwa. Maji yanatoka kwa nguvu, hasa siku za bamvua (za maji makubwa), kusi inaingia, vikikutana mlangoni mawimbi husimama na kuvunjika palepale ambapo asubuhi ulipita kwa amani. Mwenyeji husubiri maji yajae hata kama chakula kinapoa nyumbani. Nje ya milango, hatari ni uzito wa bahari yenyewe. Boti ya abiria Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Haikuwa ngalawa.

Nataka kusi itendewe haki, kwa sababu mara nyingi husemwa vibaya jumla jumla. Ina vipande vitatu visivyofanana. Kusi changa ya mwisho wa Aprili na Mei ina nguvu ya kusafirisha na mvua ya kuudhi. Kusi ya Juni hadi katikati ya Agosti ni ya vyombo vikubwa na mabaharia waliozoea. Kwa wengine ni wakati wa kupandisha chombo mchangani, kupiga kalafati (kuziba nyufa za mbao), kupaka sifa (mafuta ya papa) na kushona matanga. Halafu kuna demani, kuanzia mwishoni mwa Agosti: upepo bado unatoka kusini, lakini umetulia, mbingu zimefunguka. Kama ningekuwa na ruhusa ya wiki chache tu za kusafiri kwa tanga katika mwaka, ningezichukua Septemba.

*Unamfaa nani.* Anayepanda kaskazini, chombo kizito, wafanyakazi wa kutosha wa kuhudumia foromali. Haumfai mgeni wa bahari, wala anayehitaji kurudi kusini wiki ileile.

Maleleji

*Mwelekeo na nguvu.* Ni miezi ya kugeuka: Machi kuelekea Aprili, na Oktoba kuelekea Novemba. Hakuna bwana mmoja. Pepo za kila siku hutawala, umande alfajiri na upepo wa bahari mchana, na katikati yake shwari inayoweza kukuweka saa nzima tanga likipigapiga mlingoti. Faida yake ni kwamba unaweza kwenda kokote. Hasara, huwezi kuahidi utafika lini.

*Mkondo.* Mwishoni mwa Machi mkondo wa kupanda kaskazini huanza kurudisha nguvu zake, na Oktoba huwa unazipoteza. Kwenye shwari, basi, maji ndiyo nahodha. Chombo kisicho na mashine kinaweza kulala mbele ya Tanga na kuamka kikiwa kimesogea kaskazini bila mtu kugusa usukani.

*Bahari na mbingu.* Vipindi viwili hivi havilingani. Vya Oktoba na Novemba ni vitulivu, bahari laini, vuli ikileta manyunyu na mvua za hapa na pale. Vya Machi na Aprili vina joto zito na mawingu yanayojengeka mchana, kisha upepo wa ghafla unaotangulia mvua. Tanga lililotwekwa kwa shwari ndilo hupasuka.

*Hatari.* Kukosa msimu. Tazama safari ya Vasco da Gama, nahodha Mreno, yenye tarehe zilizoandikwa. Alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi changa ikiingia, akiwa na rubani aliyempata hapo. Tarehe 20 Mei alikuwa Calicut, Bara Hindi. Kurudi, aliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya Bara Hindi, tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijashika. Alikutana na shwari na pepo za omo, na pwani ya Mogadishu hakuiona hadi Januari 1499. Takriban mabaharia thelathini walikufa kwa kiseyeye njiani. Bahari ileile, vyombo vilevile: wiki nne kwenda, miezi mitatu kurudi. Wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi wasingeng'oa nanga wiki hiyo. Wao walikuja kwetu na kaskazi, wakarejea na kusi changa au kusi ya mwisho, na aliyechelewa alikodi nyumba akangoja.

*Unamfaa nani.* Mwenye mashine ya akiba na safari fupi. Mvuvi wa ndani ya mwamba. Mtu ambaye tarehe ya kufika haimbani.

Kwa hali yako

Ukienda na kurudi kwa tanga katika njia ndefu ya pwani, tuseme Unguja na Lamu, anza kuhesabu kutoka siku ya kurudi. Panda na demani mwezi Septemba, fanya shughuli zako huko Oktoba na Novemba, shuka na kaskazi Desemba au Januari. Anayekaa Lamu ageuze hesabu: ashuke Februari, arudi mwisho wa Aprili au Mei akikubali kulowa, au angoje Septemba. Kushuka Machi kwa matumaini ya kurudi Machi ni kubahatisha.

Ukivuka kutoka Tanga kwenda Pemba au kurudi, kaskazi na kusi zote mbili zitakupiga ubavuni, kwa hiyo upepo si tatizo lako kubwa. Mkondo ndio. Wakati wa kusi elekeza omo kusini ya pale unapotaka kufika, la sivyo utaiona Pemba ikipita upande wako wa kulia.

Ukielekea Ngazija au Msumbiji kutoka kwetu, sina jibu safi la kukupa. Upepo mwema wa kushuka ni kaskazi, na kaskazi ndiyo miezi ya vimbunga. Kuondoka mapema, Desemba, kwa chombo chenye mashine na redio, ukiwa na bandari za kukimbilia ulizozipanga, kunapunguza hatari lakini hakuiondoi. Mwenye mashine nzuri anaweza kuchagua Oktoba, alipe mafuta zaidi na kulala usingizi zaidi. Januari hadi Aprili mimi ningeziacha.

Kwa boti ya mashine inayobeba abiria au mizigo, kaskazi na maleleji ya Oktoba hupunguza mafuta kwa njia zote mbili. Juni hadi Agosti weka bajeti ya mafuta ya kushuka kusini mbali kabisa na ya kupanda, na uache siku za akiba kwenye ratiba. Abiria aliyeambiwa kesho ana hasira. Aliyepakiwa siku ya angalizo yuko hatarini.

Mvuvi wa ngalawa au dau dogo anaweza kuvua mwaka mzima, mradi kusi imkute ndani ya mwamba. Kwa nje ya mwamba, Oktoba hadi Machi. Anayetaka kupiga mbizi au kutembeza wageni, vivyo hivyo. Anayecheza na tiara za majini pale Paje au Diani ndiye pekee anayeshangilia kusi ya Julai, na kaskazi ya Januari humtosha pia kama bado anajifunza.

Na kama tarehe si yako kuchagua, wewe umepewa Julai na mzigo unangojwa Kilwa, basi badilisha vile unavyoweza kubadilisha. Punguza shehena. Shuka kwa vipande vifupi ukipita ndani ya miamba na upande wa magharibi wa visiwa, ukiondoka alfajiri kabla upepo haujakaza na kutia nanga kabla ya adhuhuri. Pitia milango maji yakiwa yanajaa. Sikiliza utabiri wa baharini wa siku hiyo, wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kutegemea uliko, na ujue ngazi zake; za Tanzania ni angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwa chombo kidogo, ngazi ya kwanza inatosha kukuacha bandarini, na mwenye mzigo apigiwe simu asubuhi hiyohiyo.